Kalibu nimeilipia, lakini imefungiwa kwa mwingine

Mshauri, shikamoo.

Natengeneza sabuni ya maji. Kifuniko cha chupa yangu ni cha milimita 38, chenye pete inayokatika chupa ikifunguliwa mara ya kwanza, na umbo lake nilimlipa mchoraji alichore. Miaka 3 iliyopita nilimpa kazi mzee mmoja mwenye kiwanda cha plastiki. Tulikubaliana anitengenezee kalibu ya matundu 16, yaani chuma kinachoipa plastiki iliyoyeyuka umbo na kutoa vifuniko 16 kwa mpigo mmoja, kisha awe ananipigia vifuniko kwa mashine zake za injeksheni. Kalibu yenyewe ina kilo 620, matundu na viini vyake (vyuma vinavyoipa sehemu ya ndani ya kifuniko umbo) ni chuma kigumu aina ya H13, ina mfumo wa hotirana, yaani njia za plastiki zinazobaki na moto, na mzunguko mmoja ni sekunde 14.

Malipo tuliyapanga hivi. Asilimia 40 ya gharama ya kalibu niliitoa kabla kazi haijaanza. Asilimia 60 tuliigawanya ndani ya bei ya vifuniko 2,000,000, kwa hiyo kila kifuniko ninachonunua kinabeba sehemu ndogo ya deni la kalibu. Mpaka sasa nimepokea vifuniko 1,460,000, na kwa hesabu yangu nimeshalipa karibu asilimia 84 ya kalibu.

Ugomvi ulianza miezi 5 iliyopita. Mzigo wa mwisho, vifuniko 220,000, ulikuwa na ndevu za plastiki kwenye ukingo na wateja wakaanza kurudisha chupa zinazovuja. Nikazuia malipo ya mzigo huo. Mzee akasimamisha kazi. Nilipomwambia naomba kalibu nihamie kiwanda kingine, alinijibu kwa upole kabisa kwamba haitoki mpaka nilipe mambo manne: bei ya mzigo ule, matengenezo aliyoifanyia kalibu baada ya malalamiko yangu, gharama ya kuihifadhi kwa miezi yote hii, na salio la gharama ya kalibu yenyewe.

Hatuna mkataba. Nina profoma moja ya mwanzo (ankara ya makisio kabla ya kazi), ankara, risiti, na ujumbe mwingi wa simu. Ankara ya ile asilimia 40 imeandikwa "mchango wa gharama za kalibu". Wakati ule sikuona tatizo lolote kwenye maneno hayo.

Mdogo wangu wa kiume anasema twende Jumapili na lori, mlinzi anatufahamu, tuchukue chetu. Mume wangu anasema nilipe kila kitu niachane na mzee huyu. Ghalani nina vifuniko 65,000, vya kama wiki 6. Kalibu mpya nimeambiwa wiki 14. Nimesikia pia kwamba benki inambana, sijui kama ni kweli.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba viwanda vikubwa vilipokataa oda zangu ndogo, mzee huyu ndiye aliyenipokea, na mpaka leo ananiita binti. Sitaki kumdhalilisha. Lakini pia sitaki biashara yangu ife kwa sababu ya heshima. Je, kalibu ni yangu au si yangu? Na nikiichukua, nitakuwa nimeiba kilicho changu?

Mwenye Kalibu Asiyeigusa

*

Marahaba, mwanangu.

Umeuliza swali moja, lakini barua yako imebeba matatu: kalibu ni ya nani, nani ana haki ya kuishikilia na kwa deni lipi, na ufanye nini kabla vifuniko 65,000 havijaisha. Jibu la swali la kwanza halimalizi la pili. Saa yako ikiwa kwa fundi ni yako, na fundi anaweza kuwa na haki ya kutokupa mpaka umlipe kazi aliyoifanya kwenye saa hiyo. Ndiyo maana hoja ya mdogo wako, kwamba ni chetu basi tukichukue, inaruka hatua moja katikati.

Tuanze na umiliki, na kabla ya sheria turudie hesabu. Umehesabu vifuniko ulivyopokea, wakati deni la kalibu linapungua kwa vifuniko ulivyolipia. Ule mzigo wa 220,000 hujaulipa, na bei yake nayo ilikuwa imebeba sehemu ya kalibu. Ukiutoa, vinabaki 1,240,000, ambavyo ni asilimia 62 ya vile 2,000,000. Asilimia 62 ya ile 60 ni 37.2. Ongeza 40 ya mwanzo, unapata asilimia 77 na kidogo. Si 84. Tofauti hiyo si kubwa, ila ukienda mezani na 84 na mzee akakusahihisha mbele ya watu, hata hesabu zako nyingine zitatiliwa shaka.

Halafu kuna lile neno "mchango". Katika biashara ya kalibu neno hili lina historia ya ugomvi. Viwanda vingine huliandika kwa makusudi: mteja anachangia gharama, anapata haki kwamba kalibu haitapigia mtu mwingine, lakini chuma kinabaki cha kiwanda. Vingine huliandika kwa mazoea ya karani tu, bila kukusudia lolote. Karatasi moja haitoshi kuamua, kwa hiyo itafute nia yenu kwenye karatasi nyingine. Je, profoma ilikuwa na mstari unaosimama peke yake, "kalibu 1, matundu 16", na bei kamili? Je, kwenye simu aliwahi kukuandikia "kalibu yako iko tayari"? Uliiweka kwenye vitabu vyako kama mali, au yeye aliiweka kwenye bima yake kama ya kwake? Tarehe ya kila ujumbe ina maana, hasa ule ulioandikwa kabla ya ugomvi, maana baada ya ugomvi kila mtu huandika kwa tahadhari.

Ukivikusanya vyote hivyo, unaweza kujikuta na picha mbili, zote za kuaminika. Ya kwanza, kalibu ikawa yako tangu ulipokubali sampuli za mwanzo, na kinachobaki ni deni tu. Ya pili, mlikusudia iwe yako kifuniko cha 2,000,000 kikishalipwa, na kabla ya hapo ni yake. Sitakudanganya kwamba naona wazi ni ipi.

Jambo jingine ulilolipita haraka ni mchoro. Mchoro wa kifuniko ni kitu kimoja, mchoro wa kalibu ni kingine. Wa kifuniko ulimlipa mchoraji, ila angalia kama alikuandikia kwamba haki zake amekuachia, kwa sababu katika sheria za nchi nyingi kulipa peke yake hakuzihamishi. Michoro ya kalibu, yaani mpangilio wa njia za maji, hotirana na pini za kusukumia, mara nyingi ni ya aliyeichonga. Na hapo nakuuliza: mzee aliichonga mwenyewe? Viwanda vingi vya kupiga plastiki havichongi kalibu, hupeleka kazi kwa mchonga kalibu wa nje. Kama ni hivyo, omba uthibitisho kwamba mchongaji alilipwa. Yako mazingira ambayo sheria inampa mchongaji haki juu ya kalibu hata baada ya kuitoa mikononi mwake. Jimbo la Michigan kule Marekani, kwa mfano, lina sheria ya namna hiyo, mradi mchongaji ameweka jina na anwani yake kwenye kalibu na amesajili dai lake. Uzijue sheria za kwenu kwa kumuuliza wakili, na umuulize hilo mahususi.

Sasa haki ya kushikilia, ambako ndiko ugomvi wenu ulipo hasa. Kanuni ya msingi katika nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani. Aliyekabidhiwa kitu akakifanyia kazi ya ujuzi kikaboreka anaweza kukizuia mpaka alipwe kazi hiyo. Hawezi kukizuia kwa kila deni mnalodaiana. Sheria ya Mikataba ya India ya 1872 imeliweka hilo kwenye kifungu cha 170, na sheria ya mikataba ya Tanzania imefuata sura hiyo hiyo. Kwa kipimo hicho, madai manne ya mzee hayana uzito sawa.

Matengenezo ndiyo yanayofanana zaidi na kanuni yenyewe. Kama alisaga upya uso wa mkutano wa nusu mbili au alibadilisha viini vilivyolika, ameiboresha kalibu. Lakini kuna maswali mawili hapo. Uliyaagiza? Na ni matengenezo au ni matunzo? Katika kesi ya Hatton ya 1915, mahakama ya Uingereza ilisema kulitunza tu gari liendelee kuwa katika hali yake hakuzai haki ya kulizuia. Kufuta kutu, kupaka grisi na kusafisha njia za maji ni matunzo. Omba orodha ya kilichofanyika: sehemu gani, tarehe gani, saa ngapi za kazi.

Na kabla ya kulibishia hilo, tafuta ndevu zilitoka wapi. Tazama ndani ya kifuniko chako, huenda kina namba ndogo ya tundu, 1 hadi 16. Chukua vifuniko vibovu 200 bila kuchagua, uvipange kwa namba. Ndevu zikiwa zimesambaa kwenye matundu yote, shaka inaangukia uendeshaji: nguvu ya kufunga haikutosha, shinikizo la kusukuma plastiki lilizidi, au plastiki iliyotumika, polipropilini, ikiyeyuka ilitiririka kwa urahisi kupita ile mliyokubaliana. Zikiwa zimerundikana kwenye matundu mawili au matatu yanayopakana, kuna alama kwenye chuma pale. Alama ya namna hiyo mara nyingi hutokea mashine ikijifunga juu ya kifuniko ambacho hakikudondoka, kwa sababu kinga ya kufunga ilirekebishwa vibaya au ilizimwa. Hilo ni la mwendeshaji, na matengenezo yake ni vigumu kukudai. Namba zisipoonekana, au ukingo ukiwa umelika kidogo kidogo kote, basi huenda ni uchakavu wa kawaida, na mwenye kalibu ndiye hubeba uchakavu. Ona jinsi jibu la umiliki linavyoweza kukurudia: ukisema ni yako, uchakavu wake nao ni wako.

Bei ya mzigo wa 220,000 ni deni ambalo anaweza kukudai mahakamani, nawe ukajibu kwa ubovu wa bidhaa. Je, linampa haki juu ya kalibu? Kwa ile kanuni nyembamba, kazi aliyoifanya iliboresha plastiki, haikuboresha kalibu. Angeweza kuzuia vifuniko, lakini hivyo alishakupa. Pengo hili ndilo lililofanya majimbo kadhaa ya Marekani yatunge sheria maalumu za kumpa mpiga plastiki haki juu ya kalibu ya mteja kwa madeni ya kazi iliyopigwa kwa kalibu hiyo. Mahali pasipo na sheria hiyo, haki inaweza kuzaliwa na makubaliano. Kwa hiyo geuza ile profoma, na kila ankara, usome maandishi madogo ya nyuma. Ukikuta sentensi inayosema kiwanda kinaweza kuzuia mali yoyote ya mteja kwa deni lolote, hali yako inabadilika sana.

Gharama ya kuhifadhi ni dai dhaifu. Tangu kesi ya Somes ya 1860, ya meli iliyozuiliwa gatini na mtengenezaji wake, kanuni ya Kiingereza ni kwamba anayekishikilia kitu kwa manufaa yake mwenyewe hatozi kodi ya kukishikilia. Isipokuwa mlikubaliana.

Salio la kalibu umelitaja mwisho, kama nyongeza, na mimi naona ndilo dai lenye mizizi kuliko yote. Kama kalibu bado ni yake, hahitaji haki ya kuizuia, anashika mali yake. Na kama imeshakuwa yako, yeye ni muuzaji ambaye hajamaliziwa bei na kitu bado kiko mkononi mwake. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Uingereza ya 1893, ambayo baadaye nafasi yake ilichukuliwa na ile ya 1979, na zile zilizonakili sura yake, humruhusu muuzaji wa namna hiyo kukizuia, isipokuwa kama aliuza kwa mkopo ambao muda wake haujaisha. Utasema mlikuwa na mkopo: deni linalipwa kidogo kidogo ndani ya vifuniko. Kweli. Lakini mkopo huo unakwenda na oda, na wewe unataka kuhama. Ukiacha kuagiza, salio unalilipa kwa njia gani? Hapo mzee ana hoja ambayo nisingependa uidharau.

Haki yake, hata ikiwa kamili, ina mipaka. Kushikilia si kutumia. Akiipachika kalibu yako mashineni ampigie mteja mwingine, amevuka. Kushikilia si kuuza pia, mpaka sheria au mkataba umruhusu: nchini Uingereza, chini ya sheria ya 1977, mwenye kukaa na mali isiyochukuliwa lazima atoe notisi, na kama kuna deni notisi hiyo haipungui miezi 3. Upande wa pili, ukimya wako nao una gharama. Katika majimbo kadhaa ya Marekani, kalibu isiyodaiwa kwa miaka 3 tangu ilipotumika mara ya mwisho inaweza kugeuka kuwa ya kiwanda baada ya taarifa rasmi. Iwe kwenu kuna sheria hiyo au hakuna, mwandikie, kwa barua yenye tarehe, kwamba unaidai.

Jiweke pia kwenye kiti cha mzee kwa dakika moja. Haki ya kushikilia inaishi mkononi. Siku akiiachia kalibu kwa hiari, kwa kawaida haki hiyo imekwisha, na kinachobaki ni deni la kawaida analopaswa kulifukuzia. Anajua unaondoka. Huo upole wake na huo ukaidi wake havipingani.

Sasa njia ulizotaja, na mbili ambazo hukuzitaja.

Lori la Jumapili. Swali lako lilikuwa kama itakuwa wizi. Mtu anayeamini kwa dhati kwamba kitu ni chake ana utetezi, lakini wako utaanza kudhoofika pale watakaposoma "mchango" na salio lisilolipwa, na mlinzi aliyefungua geti atakuwa ndiye shahidi wa kwanza. Tuache polisi, tutazame chuma. Kilo 620 hazitolewi gizani bila madhara. Kalibu isipofungwa ukanda wa kuzuia nusu mbili zisiachane, inafunguka njiani, na viini vinagonga matundu. Nyaya za hotirana hukatika kwa kuvutwa. Na mtaacha nyuma kisanduku cha kudhibiti joto la hotirana, pini za akiba na karatasi ya mipangilio. Kisha kiwanda kipya makini kitakuuliza barua ya kuachiliwa kalibu. Utawaonyesha nini?

Kulipa vyote kama anavyosema mume wako ni haraka, na wakati mwingine haraka ina thamani kuliko haki. Lakini usilipe kimya. Andika kwenye barua ya malipo kwamba unalipa ili kalibu itoke tu, hukubali madai, na unahifadhi haki ya kudai kurudishiwa bei ya vifuniko vibovu, matengenezo na uhifadhi. Bila maneno hayo malipo yako yanaweza kusomwa kama kukiri. Pesa na kalibu vikutane getini, siku moja. Hatari iliyobaki ni kwamba baadaye kudai pesa iliyokwisha kutoka ni kazi, hasa kwa mtu ambaye benki inamsubiri.

Ya tatu: usichobishia mlipe moja kwa moja, na unachobishia ukiweke kwa mtu wa kati mnayemwamini wote, wakili au mahakama yenyewe, kalibu itoke, ugomvi ubaki juu ya fedha ile. Mzee anabadilisha chuma cha kilo 620 kwa fedha ambayo huwezi kuitoroshea. Wazee wengi wa viwanda hukubali hili likiletwa kwa heshima na hulikataa likiletwa kwa barua ya vitisho. Ugumu wake ni mtaji: fedha inalala mahali isikokufaa mpaka mmalizane.

Ya nne inaweza kukushangaza. Ukiumaliza mzigo wa 220,000 kwa namna yoyote, linabaki deni la vifuniko 540,000. Kwa sekunde 14 na matundu 16, mashine inatoa kama 4,100 kwa saa. Hizo 540,000 ni saa 131, siku 5 na nusu bila kusimama, tuseme wiki moja na nusu ukiweka visimamo. Kwa matumizi yako ya karibu 10,800 kwa wiki, ni akiba ya wiki 50. Yaani deni lote la kalibu linaweza kupigwa na kwisha kabla ghala lako halijaisha, na kalibu ikatoka ikiwa haina salio. Ubaya wake ni pesa nyingi kufungwa kwenye vifuniko, na kumwamini tena mtu aliyekuletea ndevu. Ukiifikiria njia hii, isianze kazi mpaka mpige mizunguko 10 ya majaribio, vifuniko 160, kila tundu 10. Pima nguvu ya kufungulia, fungia chupa zenye sabuni, zilaze kichwa chini saa 24. Mbili mbili nzuri za kila tundu zitieni sahihi wote, moja abaki nayo yeye, moja ubaki nayo wewe. Na kama hutaki vifuniko, muulize bei ya kulimaliza salio peke yake bila plastiki.

Habari ya benki ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko mzee mwenyewe. Kiwanda kikifilisika, mfilisi anaingia na kuandika kila kilichoko sakafuni kama mali ya kiwanda, na wewe ndiye wa kuthibitisha kwamba kimoja si chake. Kwa hiyo, njia yoyote utakayopita, kuna karatasi moja ya kuomba mapema: barua fupi ya mzee inayoitambua kalibu kwa namba, uzito na picha, inayosema imewekwa kwake kwa kazi zako, na kwamba barua hiyo haiathiri madai yake ya fedha. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yatakayomfanya atie sahihi. Omba na kibati cha chuma kipigwe ripiti kwenye kalibu: jina la biashara yako, namba ya kifuniko, mwaka. Si stika, stika hutoka kwa mafuta. Akikataa kuandika ni yako, aandike basi kiasi ulicholipia mpaka leo. Hata hiyo ni kitu. Kama nchi yenu ina sajili ya madai juu ya mali zinazohamishika, wakili akuangalizie benki imeandikisha nini juu ya mitambo ya kiwanda kile.

Ikifika siku ya kutoka, kwa njia yoyote, usipeleke dereva peke yake. Nenda na fundi wa kiwanda kipya. Kalibu ifunguliwe mbele yenu, kila tundu lipigwe picha, na kifuniko cha mwisho kilichopigwa kiondoke nayo, kwa sababu ndicho kitakachosema ilikuwa na hali gani. Maji yapulizwe yote nje ya njia za kupoozea kwa hewa ya kompresa, na matundu yapuliziwe dawa ya kuzuia kutu. H13 si chuma kisichoshika kutu, na matone machache yaliyosahaulika huacha alama kwenye sehemu iliyong'arishwa ndani ya siku chache. Hesabu pini na vipuri vya akiba, nyaya na kisanduku cha hotirana, mchoro wa miunganisho ya maji, faili za michoro kama mmekubaliana zitolewe, na karatasi ya mipangilio: joto la kila sehemu, shinikizo, muda wa kupooza. Karatasi hii ndiyo watu huisahau, kisha kiwanda kipya kinakaa siku kadhaa kikikisia. Na kabla hujalipa lori, hakikisha mashine ya huko inaipokea: nafasi kati ya nguzo, nguvu ya kufunga, kipenyo cha pete ya kuweka kati, mpangilio wa fimbo za kusukumia. Kalibu iliyokombolewa kwa jasho halafu haiingii mashineni ni maumivu mengine.

Umesema hutaki kumdhalilisha. Kwenda kwake mchana, ukiwa na hesabu ya asilimia 77 badala ya 84, na kumwambia dai lake la salio unalielewa lakini la uhifadhi hulikubali, sioni kama ni kumdhalilisha. Anaweza kukataa. Anaweza pia kukutolea karatasi ambayo hukujua ipo, ikiwemo ya mchongaji. Katika wiki zako 6 naona nafasi ya mazungumzo hayo na bado ukabaki na muda wa kwenda kwa wakili, ila si wa kuanza na wakili, ukashindwa, kisha ukarudi kwenye mazungumzo. Labda mume wako na mdogo wako wataona tofauti.

Vile vifuniko 200, vipange wiki hii. Ukishajua namba za matundu, niandikie tena kabla hujaenda kumwona mzee.